Barakoa, mfuko, saa au filimbi: kipi kinapima oksijeni ya mkimbiaji kwa kuaminika kwenye intavo?

Makocha wa riadha hapa Tanga wananiuliza swali moja kwa sura tofauti: ni kifaa gani cha kupimia oksijeni kwenye intavo, yaani vipindi vya kasi vinavyopokezana na mapumziko. Mmoja ana kijana wa mita 5,000 ambaye saa yake ya mkononi inamwambia VO₂max yake (kikomo cha matumizi ya oksijeni) ni 61, wiki inayofuata 58, wakati kijana mwenyewe anazidi kukimbia vizuri. Mwingine anaweza kuazima mashine ya barakoa kwa siku chache na anataka kujua kama kuna faida ya kuibeba mpaka ufukweni Raskazone. Wa tatu ana filimbi, koni na stopwochi, na anaona haya kusema kwamba hivyo ndivyo vipimo vyake.

Jibu langu nalitoa mapema. Ukitaka kujua oksijeni inavyopanda na kushuka ndani ya intavo yenyewe, hakuna mbadala wa barakoa inayopima pumzi moja moja. Lakini kwa klabu nyingi za hapa, filimbi na koni vikitumiwa kwa nidhamu vinaaminika kuliko saa ya mkononi, na vinaaminika kuliko barakoa iliyosawazishwa vibaya.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu kinachopimwa. Matumizi ya oksijeni ni mililita ambazo mwili unatumia kwa kila kilo ya uzito kwa kila dakika. VO₂max ndiyo kikomo chake: mkimbiaji wa kiume wa mbio ndefu wa kiwango cha dunia huwa kati ya 70 na 85. Kwenye intavo, hata hivyo, swali la kocha si kikomo ni kipi. Anataka kujua kama kijana alikikaribia kikomo chake katika kila kipindi, na kama alikaa hapo muda wa kutosha kuufanya moyo ufanye kazi tuliyoikusudia. Hayo ni maswali mawili, na kifaa kinachojibu la kwanza vizuri kinaweza kushindwa kabisa na la pili.

Kinachotenganisha vifaa ni mwendo wa oksijeni yenyewe. Mkimbiaji akiondoka kwa kasi, misuli inadai oksijeni papo hapo, lakini matumizi hupanda kwa hatua. Kwa aliyezoea mazoezi, ndani ya sekunde 20 hadi 30 anakuwa amepanda karibu theluthi mbili ya safari, na anahitaji kama mara tatu ya muda huo kufika asilimia 95. Ukimpa kipindi cha dakika 3, anapata dakika moja na nusu au zaidi akiwa karibu na juu. Ukimpa sekunde 30, kipindi cha kwanza kinakwisha angali njiani. Ndiyo maana ile intavo iliyofanyiwa kazi sana na mtafiti Mfaransa Véronique Billat, sekunde 30 kwa kasi inayomfikisha mkimbiaji kwenye VO₂max kisha sekunde 30 kwa nusu ya kasi hiyo, hufanya kazi kwa kulimbikiza: mapumziko ni mafupi na bado anakimbia, kwa hiyo matumizi hayateremki mpaka chini, na kila kipindi kinaanzia juu kidogo kuliko kilichotangulia. Kifaa kinachochelewa au kinachotoa wastani mrefu hakiwezi kuona ngazi hizo.

Barakoa ya kubeba

Hapa nitakaa zaidi, maana ndipo penye fedha nyingi na makosa mengi.

Mashine hizi hufungwa kifuani au mgongoni. Zinazojulikana ni kama K5 ya Cosmed kutoka Italia na MetaMax ya Cortex kutoka Ujerumani, na uzito ni kama kilo moja au pungufu. Mkimbiaji huvaa barakoa ya mpira iliyobana pua na mdomo. Mbele yake kuna turbini ndogo inayohesabu hewa inayopita, na mrija mwembamba hunyonya sampuli ya kila pumzi kupeleka kwenye vihisi vya oksijeni na kabonidioksidi. Bei ni makumi ya maelfu ya dola kwa zile kamili.

Ubora wake kwa intavo ni kasi ya kuona. Inakupa nukta kwa kila pumzi. Tatizo ni kwamba pumzi za mtu si sawa: akimeza mate, akikohoa, akimwita mwenzake, nukta moja inaruka juu na inayofuata inaanguka. Ukizichora zote unapata wingu la nukta. Basi kila mtu hulainisha, na hapo ndipo majibu yanapoachana. Ukilainisha kwa wastani wa sekunde 30 kwenye intavo ya 30 kwa 30, unachanganya kukimbia na kupumzika katika namba moja na kilele kinapotea. Ukilainisha kwa pumzi tatu tu, kelele inaweza kukupa VO₂max ya uongo. Ukihesabu muda aliokaa juu ya asilimia 90 ya kikomo chake unapata dakika nyingi. Ukihesabu asilimia 95, mazoezi yaleyale yanakupa dakika chache mno. Klabu mbili zinaweza kupima kijana mmoja asubuhi moja zikaandika vitu viwili, na zote ziwe zimepima sawasawa. Mimi huamua kabla ya kuondoka nyumbani: wastani unaosogea wa pumzi kama kumi, kizingiti cha asilimia 90, na naandika hayo juu ya kila karatasi ya majibu.

Kuna jambo jingine la sekunde. Sampuli ya gesi inachukua muda kusafiri kwenye mrija mpaka kwenye kihisi, wakati turbini inaona hewa papo hapo. Programu hulinganisha mawili hayo kwa kusogeza moja. Mkimbiaji anayehema mara 60 kwa dakika ana sekunde 1 tu kwa pumzi nzima, kuvuta na kutoa. Kukosea kidogo kwenye usogezaji huo, kosa ambalo kwa mtu anayetembea halionekani, kwake ni sehemu nzito ya pumzi. Mashine zenye kikasha cha kuchanganyia hewa hupunguza kelele hiyo na huwa tulivu sana kwa kasi moja, ila ucheleweshaji wake hubadilika kadiri anavyohema. Kwa kipindi cha dakika 3 hadi 5 kikasha kinafaa. Kwa sekunde 30, chagua pumzi moja moja.

Halafu kuna hewa yetu ya pwani. Hili ndilo ningependa kila anayeazima mashine alisome mara mbili. Hewa kavu ina oksijeni asilimia 20.93, hapa na Arusha na Helsinki. Lakini asubuhi ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, mvuke wa maji unachukua zaidi ya asilimia 3 ya nafasi, na oksijeni inabaki kama asilimia 20.3. Mkimbiaji anayekimbia kwa nguvu hutoa pumzi ambayo, ikipimwa kavu, ina oksijeni kama asilimia 17. Tunachohesabu ni tofauti ya kama nukta 4 tu za asilimia kati ya kuingia (20.93 ikiwa kavu) na kutoka, kwa hiyo kosa la nukta 0.1 kwenye kihisi linageuka kuwa asilimia 2.5 ya jibu. Sasa fikiria mashine iliyosawazishwa ndani ya ofisi yenye kiyoyozi, kisha ikabebwa kwenye bodaboda mpaka ufukweni na kuwashwa. Mashine nzuri ina kihisi cha unyevu au mrija unaokausha sampuli, lakini vyote vinahitaji dakika kadhaa kuzoea mahali. Nimesimama Raskazone saa kumi na mbili asubuhi nikiangalia matone madogo yakijikusanya ndani ya mrija, kama ushanga, yakisogea polepole kuelekea kwenye mashine. Tone moja likifika kwenye kichujio, mnyonyo unapungua, sampuli inachelewa, na namba zinaanza kushuka taratibu wakati kijana anaongeza kasi. Ukiona oksijeni inateremka huku mapigo yanapanda na kasi ni ileile, simamisha mazoezi uangalie mrija kabla ya kumlaumu mtu.

Taratibu yenyewe ni hii: washa mashine nje, kivulini, uiache nusu saa. Sawazisha turbini kwa sirinji ya lita 3, kwa kusukuma polepole na kwa haraka, maana mkimbiaji ataitumia kwa haraka. Sawazisha vihisi kwa hewa ya mahali na kwa mtungi wa gesi inayojulikana, kwa kawaida oksijeni kama asilimia 16 na kabonidioksidi asilimia 4 au 5, kwa sababu hiyo ndiyo hewa inayofanana na pumzi inayotoka. Baada ya mazoezi rudia kupima mtungi. Kama vihisi vimehama, majibu ya siku hiyo yabebe alama.

Zipo barakoa za bei nafuu zaidi, zisizo na mashine ya mgongoni, zinazopima oksijeni tu bila kabonidioksidi. VO2 Master ya Kanada ni mfano. Uzuri wake ni wepesi. Udhaifu wake kwenye intavo unatokana na hesabu: bila kabonidioksidi, mashine inabidi ikadirie uwiano wa kabonidioksidi inayotoka kwa oksijeni inayotumika. Kila uwiano huo unapoachana na makadirio kwa 0.1, jibu la oksijeni linakosea kama asilimia 2. Kwenye mbio za mwendo mmoja uwiano hutulia. Kwenye intavo hupanda kupita 1.0, na sekunde za mwanzo za mapumziko hupanda zaidi. Kwa hiyo kosa si la kudumu. Linabadilika ndani ya kipindi kilekile unachotaka kukiona.

Mfuko wa Douglas

Ndicho kipimo cha zamani na bado ndicho hakimu wa vingine. Mwanafiziolojia Mwingereza Douglas aliuelezea mwaka 1911, na mwenzake wa fani hiyo Archibald Hill aliubeba mgongoni akikimbia kwenye nyasi Manchester. Kazi yake na Lupton ya mwaka 1923 ndiyo iliyotupa wazo la kikomo cha matumizi ya oksijeni. Mkimbiaji hupumulia mfuko mkubwa kupitia vali, kisha hewa ya mfuko hupimwa ujazo na gesi zake. Hauna programu, hauna ulainishaji wa siri.

Kwa intavo una kikwazo cha wazi: anayehema lita 120 kwa dakika anajaza mfuko wa lita 100 kwa sekunde 50. Unapata jumla ya sekunde hizo, hupati ngazi. Na plastiki huvuja kabonidioksidi taratibu, kwa hiyo mifuko ipimwe mapema, isisubiri baada ya chai.

Kuna njia moja ya kuutumia ambayo naiona nzuri kwa watu wasio na mashine ya kubeba. Kijana anakimbia kipindi chake huru, bila kitu usoni. Akisimama tu, unamvisha kidomo ndani ya sekunde mbili tatu na kukusanya pumzi za sekunde 20 au 30 za kwanza. Kwa kuwa oksijeni huanza kushuka kwa mpangilio unaojulikana, unarudisha mstari nyuma mpaka sekunde aliyosimama. Waogeleaji wamepimwa hivi miaka mingi. Inadai watu wawili wepesi wa mikono, na inakupa mwisho wa kipindi tu. Lakini hukimbii na barakoa, na hilo lina thamani: wakimbiaji wengine hubadilisha kabisa kupumua na hatua wakiwa wamevaa mpira usoni.

Tredmili ya maabara

Sitakaa hapa. Ikipatikana nafasi, maabara ndiyo sehemu bora ya kupata VO₂max yenyewe na kasi inayoambatana nayo: hali ya hewa imetulia, mitungi ipo, fundi yupo. Inua mkanda asilimia 1 ili kufidia upepo ambao mkimbiaji anakutana nao nje. Kwa intavo ndani ya maabara kuna kero ndogo ambayo watu huisahau: mkanda haupandi kutoka kilomita 9 hadi 18 kwa saa papo hapo, na kwenye 30 kwa 30 sekunde unazopoteza kila kipindi ni nyingi.

Saa ya mkononi na mkanda wa kifuani

Saa haipimi oksijeni. Inachukua mapigo ya moyo na kasi ya GPS, inaangalia moyo unadai nini kwa kasi gani, na kutoka hapo inakadiria. Kanuni zinazotumiwa sana zilitengenezwa na Firstbeat ya Finland, iliyonunuliwa na Garmin mwaka 2020. Kwa mbio tulivu za dakika 30 au 40, siku za baridi, makadirio si mabaya. Kwa intavo yana matatizo matatu yanayorundikana.

Moyo unachelewa, na kwenye mapumziko mafupi hauteremki vya kutosha kuonyesha ngazi. Mwanga ambao saa hutumia kusomea mapigo kwenye kifundo hutikisika pamoja na mkono, na mara nyingi saa hushika hatua badala ya mapigo. Ukiona mapigo 178 yamenyooka kama rula wakati kijana anapiga hatua 178 kwa dakika, hayo si mapigo. La tatu ni joto. Mwezi wa Februari hapa Tanga moyo hupanda kwa kasi ileile kwa sababu damu inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili na jasho linapunguza maji, ilhali matumizi ya oksijeni kwa kasi hiyo hayajabadilika sana. Saa inaona moyo unahangaika na kusema uwezo umeshuka. Yule kijana wa 61 kwenda 58 huenda hakupungukiwa na chochote ila wingu.

Mkanda wa kifuani, unaosoma mapigo palepale kifuani, unaondoa tatizo la pili kabisa. Lowesha vile viraka viwili kwa maji kabla ya kufunga, usisubiri jasho. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja cha umeme, nunueni mkanda, muuache mkono wazi.

Filimbi na koni

Njia hii hupewa heshima ndogo kuliko inavyostahili. Vipo vipimo viwili vinavyofaa hapa.

Cha daktari Mmarekani Cooper, cha mwaka 1968, ni dakika 12 za kukimbia umbali mrefu uwezavyo. Unachukua mita, unatoa 504.9, unagawa kwa 44.73. Aliyekimbia mita 3,000 anapata karibu 56. Kila mita 100 za ziada ni kama 2.2. Udhaifu wake ni kugawa nguvu: kijana mgeni huondoka kama anafukuzwa na anamaliza akitembea, kwa hiyo jibu la kwanza ni la kumfundisha tu.

Cha watafiti wa Kanada Léger na Boucher, cha mwaka 1980, ndicho ninachokipendelea kwa wakimbiaji wa intavo, kwa sababu kasi haichagui yeye. Weka koni kila mita 50. Kasi huongezeka kilomita 1 kwa saa kila dakika 2, na filimbi inalia kila anapotakiwa kuwa kwenye koni: sekunde 18 kwa kilomita 10 kwa saa, sekunde 10 kwa kilomita 18. Akichelewa mfululizo, amemaliza. Zidisha kasi ya mwisho kwa 3.5 na una makadirio: kilomita 18 kwa saa ni 63. Namba hiyo ni makadirio ya wastani wa watu, na mkimbiaji mwenye hatua za ubahili, zinazotumia oksijeni kidogo kwa kasi ileile, anaweza kuwa na VO₂max ndogo kuliko inavyosema. Lakini kasi yenyewe ni ya kweli, na kasi ndiyo unayohitaji kupanga intavo. Kilomita 18 kwa saa ni mita 150 kwa sekunde 30, na mita 75 kwa sekunde 30 za mapumziko. Weka koni hapo, anza.

Kinachofanya jibu liaminike ni mazingira yaleyale. Kipande kilekile cha barabara kilichopimwa kwa futi kamba, saa ileile, viatu vilevile, na mwendo wa kwenda na kurudi ili upepo wa kusi umpinge na umsukume kwa zamu. Mizani ya sokoni inayozidisha gramu 50 kila siku bado itakuonyesha kwa haki kama fungu la leo ni zito kuliko la jana. Inayozidisha leo na kupunguza kesho haina msaada hata kama wastani wake ni sahihi.

Ningechagua kipi

Klabu yenye vijana kumi na fedha ya jezi: kipimo cha koni kila wiki 6 hadi 8, mikanda ya kifuani miwili ya kupokezana, na daftari. Saa zibaki kwa kuhesabu kilomita.

Mkimbiaji mmoja anayejiandaa na mbio kubwa na ana nafasi ya kwenda maabara: apime VO₂max na kasi yake mara moja mwanzoni mwa msimu, akirudi Tanga arudie kipimo cha koni wiki hiyohiyo, ili ajue namba zake mbili zinavyohusiana. Kuanzia hapo koni zinatosha.

Kocha aliyeazimwa mashine ya barakoa: ibebe, ndiyo, lakini usiipoteze kwenye kutafuta VO₂max. Itumie kwa swali ambalo hakuna kingine kinachojibu. Mpime kijana kwenye 30 kwa 30, kisha siku nyingine, saa ileile, kwenye vipindi vya dakika 3, uone ni mazoezi yapi yanamweka juu ya asilimia 90 kwa muda mrefu zaidi. Vijana wawili wenye VO₂max moja hutofautiana sana hapo. Jibu hilo litakusaidia miezi mingi baada ya mashine kurudi kwa mwenyewe.

Wanaopanda Lushoto kufanya kambi wasilinganishe kipimo cha kule na cha Tanga. Mji ule uko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwa mkimbiaji aliyezoea vizuri kikomo cha oksijeni huanza kushuka hata chini ya hapo. Pima upya ukifika, na upange intavo kwa kasi ya huko.

Na kwa yeyote, kwa kifaa chochote: kabla ya kuanza msimu, pima watu walewale mara mbili ndani ya wiki moja bila kubadili mazoezi. Tofauti kati ya majibu mawili ndiyo kelele ya kipimo chako, pamoja na mwili wenyewe ambao hubadilika asilimia kadhaa siku hadi siku. Tokyo mwaka 2025, Mtanzania Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2:09:48, muda uleule aliopewa Mjerumani aliyekuwa wa pili. Hakuna barakoa inayoona tofauti kama ile. Kama kelele yako ni nukta 3 na kijana amepanda nukta 2, andika "hakuna badiliko" kwenye daftari, na mwache aendelee na programu yake.